Wino na Matope: Maisha ya Bill Mauldin, Mchoraji wa Askari

Mwezi Machi wa mwaka 1945, vita vikuu vikikaribia ukingoni katika bara la Ulaya, sajini mmoja wa jeshi la Marekani, kijana wa miaka 23, mwembamba wa umbo, aliingia katika jumba la fahari mjini Luxembourg kuitikia wito wa jemadari ambaye kutajwa kwa jina lake kulitosha kuwatetemesha hata maafisa wa vyeo vya juu. Jemadari huyo alikuwa George Patton, amiri wa Jeshi la Tatu, mtu aliyetaka viatu ving'ae, tai zifungwe barabara na ndevu zinyolewe kila asubuhi hata pale risasi zinapovuma juu ya vichwa. Na karibu yake alikuwapo mbwa wake ambaye, kwa sadfa ya ajabu, jina lake lilikuwa Willie. Sajini alikuwa Bill Mauldin, naye hakuitwa kwa kutoroka zamu wala kwa kuiba chakula cha ghalani, bali kwa kuchora.

Katika gazeti la askari lililoitwa Stars and Stripes, Mauldin alikuwa akichapisha picha za askari wawili wa miguu, Willie na Joe, wenye ndevu za siku nyingi, magwanda yaliyochakaa, macho yaliyozama kwa kukosa usingizi, na ndimi zilizosema waziwazi juu ya wakubwa yale ambayo askari wengine waliyanong'ona wakiwa peke yao handakini. Patton aliona kuwa picha zile zinavunja adabu ya jeshi na kupanda mbegu ya uasi, na alikwisha kutishia kulipiga marufuku gazeti lenyewe lisiwafikie watu wake. Siku ile jemadari alisema sana na sajini alisema kidogo. Wakaagana kwa heshima, wala hapana aliyemgeuza mwenzake moyo. Willie na Joe wakaendelea kutonyoa, maana Jenerali Dwight Eisenhower, mkuu wa majeshi ya washirika katika Ulaya, alikuwa na rai kwamba gazeti la askari liachiwe uhuru wake.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa kuwa ndani yake mna muhtasari wa umri mzima wa mtu. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi Mauldin aliishi kwa kalamu na brashi, akasifiwa, akashutumiwa, akaanguka, akainuka. Lakini katika hali zote hizo nguvu ya mkono wake ilitokana na chemchemi moja tu, nayo ni kuwa alichora taabu aliyoionja. Mtu aliyekaa mbali na dhiki anaweza kuihurumia, naye hana lawama kwa huruma yake. Lakini shahada ya aliyelala matopeni ina uzito mwingine, na cheo cha jemadari hakiwezi kuifuta.

Mtoto wa milimani

William Henry Mauldin alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1921 katika kijiji cha Mountain Park, jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, katika ukoo ambao vita vilikuwa hadithi za nyumbani: babu yake alikuwa mpelelezi wa njia kwa askari wa farasi katika vita vya Waapache, na baba yake alitumika katika jeshi la mizinga wakati wa vita vikuu vya kwanza. Mtoto mwenyewe hakuwa na mwili wa vita. Alipatwa utotoni na ugonjwa wa matege unaolainisha mifupa, akakua dhaifu, na mtoto dhaifu asiyeweza kushindana na wenzake kwa mbio na mieleka hutafuta uwanja mwingine wa kuonekana. Uwanja wa Mauldin ulikuwa karatasi.

Alisoma sekondari mjini Phoenix, Arizona, akaiacha kabla ya kupata shahada, na mwaka 1939, kwa fedha alizokopeshwa na bibi yake, akasafiri hadi Chicago kujifunza sanaa ya uchoraji. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa Vaughn Shoemaker, mchoraji wa katuni za siasa aliyekwisha kutunukiwa tuzo ya Pulitzer, ambayo ndiyo taji la wanahabari wa Marekani. Masomo hayo yalidumu muda mfupi. Aliporudi Arizona alikuta kuwa wanunuzi wa picha ni wachache kuliko wachoraji, na mwezi Septemba 1940, akiwa na miaka 18, akajiandikisha katika jeshi la akiba la jimbo lake. Siku chache baadaye jeshi hilo likaitwa katika utumishi wa taifa. Na kijana aliyedhani amepata posho ya kujikimu akajikuta ameuza miaka mitano ya ujana wake.

Divisheni ya 45 aliyoingia ilikusanya vijana wa majimbo ya Oklahoma, Arizona, New Mexico na Colorado, na miongoni mwao walikuwamo wenyeji wengi wa asili wa nchi ile. Divisheni ilikuwa na gazeti lake dogo, na Mauldin akaomba kulichorea huku akiendelea na kwata na safari ndefu za miguu kama askari wengine. Humo ndimo walimozaliwa Willie na Joe. Mwanzoni Joe alikuwa mtu wa kabila la Choctaw, mcheshi wa maneno makavu aliyetokana na vijana ambao mchoraji alilala nao kambi moja. Baadaye sura zao zikabadilishana na tabia zao zikachanganyika, hata wakawa ndugu wawili ambao msomaji aliwatambua kwa uchovu wao kabla ya kuwatambua kwa majina.

Italia, na weusi wa wino

Tarehe 10 Julai 1943 Divisheni ya 45 ilishuka pwani ya Sisili, na mwezi Septemba ikavuka kuingia Italia bara. Hapo ndipo dhihaka za kambini zilipokoma na kazi ya kweli ilipoanza. Majira ya baridi ya mwaka ule katika milima iliyo kusini mwa Roma yalikuwa ya mvua isiyokatika, theluji juu na tope chini. Magari yalishindwa kupanda, punda wakabebeshwa risasi na chakula wakati wa kwenda na maiti wakati wa kurudi, na askari aliyelala handakini aliamka miguu yake imevimba na kufa ganzi kwa unyevu. Mauldin alikwenda mbele, akakaa na vikosi, akasikiliza, kisha akarudi nyuma kuyatia katika wino aliyoyaona. Karibu na sikukuu ya Krismasi ya 1943 alijeruhiwa begani na kipande cha kombora, akapewa Nishani ya Moyo wa Zambarau. Jeraha lilikuwa dogo, naye alilijua kuwa dogo; na katika mojawapo ya michoro yake mashuhuri askari aliyechoka anamweleza tabibu kuwa nishani anayo tayari, basi ampe aspirini. Mwaka 1944 alihamishiwa rasmi Stars and Stripes, akapewa gari la Jeep la kumzungusha katika medani zote, na picha zake zikaanza kusambazwa katika magazeti ya nyumbani Marekani, ambako mwandishi wa vita Ernie Pyle alikwisha kumsifu mbele ya wasomaji wake wengi.

Yafaa tuutazame mkono wenyewe. Mauldin alitumia brashi na wino mweusi, akaupaka kwa wingi bila uchoyo, hata nusu ya picha ikawa kiza. Mikunjo ya makoti ni mizito kama udongo uliolowa. Kofia za chuma zimeshuka hadi kwenye nyusi. Macho hayana mboni za kung'aa, ni vishimo viwili tu vya kivuli. Hapana mstari wa urembo. Gazeti lililochapwa vitani kwa karatasi duni lingeipoteza michoro ya mistari myembamba, lakini weusi ule ulidumu. Fauka ya hayo, baridi ile ya Italia haikuwa na rangi: alichora kitu kama kilivyoonekana kwa mtu aliyefumbua macho alfajiri kabla ya jua, akajiuliza kama ataliona jua lenyewe.

Ndani ya kiza hicho aliweka mzaha, nao ulikuwa mzaha wa watu wanaojua kuwa kesho si yao. Sajini mzee wa jeshi la farasi amefunika macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameielekeza bastola kwenye gari la Jeep lililovunjika gurudumu, kama ilivyokuwa desturi ya kumwondolea maumivu farasi aliyevunjika mguu. Wala picha ile haina neno hata moja. Maafisa wawili wamesimama kilimani wakistarehe kwa mandhari ya milima, mmoja akitaka kujua kama askari wa kawaida nao wametengewa mandhari yao. Katika mchoro huu wa pili msomaji anaielewa ghadhabu ya Patton. Lakini aelewe pia kwamba Mauldin hakuwachukia maafisa kwa kuwa ni maafisa. Alichukia kutengana: mtu kula, kulala na kustarehe mbali na wale anaowaamuru kufa.

Mauldin hakuwa wa kwanza katika kazi hii. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baina ya 1861 na 1865, wachoraji kama Winslow Homer na Alfred Waud walifuatana na majeshi na kulipelekea michoro gazeti la Harper's Weekly, kwani kamera za zama zile hazikuweza kunasa kitu kinachokwenda. Katika vita vikuu vya kwanza Mwingereza Bruce Bairnsfather, afisa aliyepigana mwenyewe katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, alimbuni Old Bill, askari mkongwe mwenye masharubu mazito. Jadi ilikuwapo, basi. Alichoongeza Mauldin ni kuvichora vita kutoka chini, kwa macho ya mtu asiye na amri juu ya mtu.

Picha iliyompatia Pulitzer mwaka 1945, akiwa na miaka 23, inaonyesha askari wa Marekani wakiwaongoza mateka wa Kijerumani mvuani katikati ya nyumba zilizobomoka. Chini yake aliweka lugha ya fahari ya magazeti, isemayo habari za washindi wachangamfu na mateka waliokata tamaa. Lakini juu, katika wino, mshindi na mateka wana mabega yale yale yaliyolegea, ndevu zile zile na maji yale yale yakichuruzika usoni, hata mtazamaji akishindwa kusema kwa sura nani ameshinda. Sijui kama imepata kuandikwa hutuba juu ya vita iliyoyaeleza mengi zaidi katika nafasi ndogo kama hiyo.

Hapa ndipo picha za mgeni huyu zinapotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1944, Willie na Joe wakizama katika tope la Italia, wazee wetu wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliotoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Unyasa, walikuwa wakizama katika tope la bonde la Kabaw huko Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikisonga chini ya mvua za masika kuelekea Kalewa na mto Chindwin. Lugha yao ilikuwa nyingine, bendera nyingine na daraja waliyowekewa nyingine. Lakini buti lililojaa maji halina taifa. Naamini kuwa mzee yeyote wa Burma angeonyeshwa picha ile ya mvuani asingehitaji mkalimani.

Kurudi nyumbani na kupotea njia

Vita vilipokuwa vinakwisha Mauldin alikusudia Willie na Joe wauawe katika mapigano ya siku ya mwisho, kama walivyokufa wengi wa wale aliowachora, lakini mhariri wake alikataa. Walibaki hai, nao wakamtajirisha. Sura ya Willie ilitokea kwenye jalada la jarida la Time mwezi Juni 1945, na kitabu chake Up Front kikauzwa kwa wingi mno. Kijana aliyekopa karo kwa bibi yake akarudi nyumbani ana jina na mali.

Kumbe amani ilikuwa na mitihani iliyo migumu zaidi. Willie na Joe walipovuliwa magwanda na kuvikwa suti hawakujua pa kusimama, na mchoraji wao naye hakujua. Hasira yake ilikuwa ya haki: aliona askari wakirudi wakakosa nyumba na kazi, aliona Wamarekani wa asili ya Kijapani, ambao ndugu zao walikufa katika milima ile ile ya Italia, wakitukanwa katika miji yao wenyewe, aliona ubaguzi dhidi ya watu weusi na ukatili wa Ku Klux Klan. Aliyachora yote, na aliyachora kwa ukali. Magazeti yaliyokuwa yakimshangilia alipomcheka afisa wa vitani yalinyamaza alipomgusa jirani wa nyumbani. Mengine yakaacha kumchapisha, kampuni iliyosambaza kazi yake ikaanza kuirekebisha michoro yake, na shirika la upelelezi la FBI likamfungulia jalada. Baada ya miaka michache aliweka brashi chini.

Muda uliofuata aliutumia kama mtu atafutaye mlango katika giza. Aliandika vitabu na makala, akaigiza katika filamu ya The Red Badge of Courage iliyotoka mwaka 1951, akajifunza urubani, na mwaka 1956 akagombea kiti cha bunge la Marekani katika jimbo la New York, akashindwa. Sioni aibu katika haya. Naona mtu aliyepokea utukufu kabla ya kupata umri wa kuubeba, akawa hana budi kuanza upya.

Alianza upya mwaka 1958, gazeti la St. Louis Post-Dispatch lilipomwajiri kuwa mchoraji wake wa katuni za uhariri. Mwaka huo huo mwandishi wa Kirusi Boris Pasternak alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na serikali ya nchi yake ikamlazimisha kuikataa. Mauldin akachora wafungwa wawili wakipasua kuni katika theluji, mmoja akimweleza mwenziwe kuwa alishinda Nobel ya fasihi, kisha akamwuliza yeye alifungwa kwa kosa gani. Picha hiyo ilimpa Pulitzer ya pili, mwaka 1959. Ukiitazama vizuri utawaona watu tunaowafahamu: wawili waliochoka, mavazi mazito, baridi, na amri itokayo mbali. Mauldin alikuwa amelipata tena handaki lake; alitambua kwamba askari wa miguu hapatikani vitani tu, bali popote pale ambapo mtu mdogo amebebeshwa uamuzi wa mtu mkubwa.

Alasiri moja ya Novemba

Mwaka 1962 alihamia gazeti la Chicago Sun-Times. Tarehe 22 Novemba 1963 alikuwa katika karamu ya mchana mjini Chicago habari zilipofika kwamba Rais John Kennedy amepigwa risasi mjini Dallas. Alirudi ofisini na kuchora mbio, kwa kuwa mitambo ilikuwa ikingoja. Mjini Washington iko sanamu kubwa ya marmar ya Abraham Lincoln, rais aliyeuawa naye kwa risasi mwaka 1865, ameketi kitini, mikono juu ya viegemeo, akitazama mbele kwa utulivu wa jiwe. Mauldin aliiinamisha sanamu ile, akaufunika uso wake kwa viganja, akaiacha ilie.

Hakuandika neno lolote chini. Gazeti liliichapa katika ukurasa mzima wa nyuma, na inasimuliwa kuwa wauzaji wengi waliligeuza gazeti nyuma mbele ili wapita njia waone mchoro kabla ya habari. Mjane wa Rais aliomba picha ya asili, akapewa. Wengi waliiona kuwa ni kitu kipya katika kazi ya Mauldin, lakini mimi naiona kuwa ni ile ile ya siku zote. Kwa miaka ishirini alikuwa amechora watu walioelemewa. Siku ile alimchukua mtukufu kuliko wote katika historia ya nchi yake, akamketisha pamoja na Willie na Joe, na kumruhusu kuelemewa kama wao.

Mwezi Februari 1965 alikwenda Vietnam kumtazama mwanawe aliyekuwa askari huko Pleiku, na kambi ikashambuliwa usiku akiwamo. Kwanza aliviunga mkono vita vile; kadiri miaka ilivyokwenda akavipinga. Aliendelea kuchora hadi jeraha la mkono alilopata akitengeneza gari lilipomstaafisha, mwaka 1991.

Deni linalolipwa

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya simanzi. Maradhi ya Alzheimer yalianza kumpokonya kumbukumbu, na mwaka 2002, baada ya kuungua vibaya kwa maji ya moto, akawekwa katika nyumba ya kutunzia wazee katika mji wa Newport Beach, California, akiwa haongei ila kwa nadra. Habari zikawafikia wapiganaji wa zamani kwa njia ya magazeti. Barua na kadi zaidi ya 10,000 zikamiminika. Na wazee wenyewe, wengine wakijikongoja kwa mikongojo, wakawa wanakuja mmoja mmoja wakiwa na kofia na nishani zao za zamani, kuketi kando ya kitanda chake na kumweleza kwamba alipokuwa kijana aliwachekesha siku ambazo hawakutarajia kucheka tena. Mchoraji Charles Schulz, ambaye naye alipigana Ulaya kama askari wa miguu, alikuwa ametangulia kumkumbuka kwa namna yake: mara nyingi siku ya wapiganaji, tarehe 11 Novemba, alimchora mbwa wake wa katuni, Snoopy, akienda nyumbani kwa Mauldin kumtembelea.

Bill Mauldin alifariki tarehe 22 Januari 2003, ana miaka 81, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitoa stempu ya posta yenye sura yake pamoja na Willie na Joe, ambao kufikia hapo walikuwa hawajanyoa kwa miaka sitini na mitano.

George Patton alikuwa amemtangulia kwa muda mrefu. Alikufa kwa ajali ya gari mwezi Desemba 1945, akazikwa katika ardhi ya Luxembourg, nchi ile ile alimomwitia sajini. Msalaba wake mweupe umesimama peke yake mbele ya safu za askari wake, kana kwamba angali akiwakagua. Jiwe la Mauldin liko ndani ya safu, katikati ya maelfu yanayofanana nalo.